Prosesa zilizolala

"Hizi prosesa zako zimelala?"

Niliulizwa hivyo mbele ya watu wanane, katika kikao nilichokiandaa kwa wiki mbili. Ukutani palikuwa na jedwali langu. Chipu yetu, ambayo wakati ule haikuwapo popote duniani isipokuwa ndani ya kompyuta yangu, ilikuwa inasoma na kuandika memori kwa kiasi cha megabaiti 999 kwa sekunde. Memori tuliyokusudia kuitumia ilikuwa na kilele cha megabaiti 3,200. Yaani tunatumia chini ya theluthi moja. Nikahitimisha kwamba njia moja ya memori inatosha, ya pili ni anasa, na moyoni nilishaanza kujipongeza.

Aliyeuliza alikuwa mhandisi wa upande wa memori, mtu mzima asiye na maneno mengi. Macho yake yalikuwa yamegota kwenye mstari wa tatu. Skrini: 498. Kamera: 498. Prosesa mbili, zikiendesha mfumo mzima wa uendeshaji na programu zilizo juu yake: 3.

Megabaiti tatu kwa sekunde! Namba hiyo niliiandika mwenyewe, nikaipaka rangi ya kijani, nikaipitia labda mara ishirini, na haikunishtua hata kidogo.

Nimekaa na aibu hiyo muda wa kutosha kuweza kuisimulia. Na ninaisimulia kwa sababu namba ile haikutokana na kasoro ya programu. Modeli, yaani programu inayoiga chipu kabla haijatengenezwa, ilifanya kazi barabara, vile vile ilivyoundwa ifanye. Mimi ndiye niliyeiuliza swali lisilo lake.

Kwa asiyeijua kazi hii, niirudishe nyuma kidogo. Chipu ya leo haibebi prosesa peke yake. Ndani ya kipande kimoja cha silikoni kinachotoshana na ukucha mna prosesa kadhaa, kidhibiti cha memori, kidhibiti cha skrini, mtambo wa kuchakata picha za kamera, vifaa vya mawasiliano, na mtandao wa njia unaoviunganisha vyote. Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Apple M1 ya mwaka 2020 ina bilioni 16. Anayesanifu kitu cha namna hiyo hawezi kungoja kitengenezwe ndipo ajue kama kinafaa, maana kuanzia mchoro kwenda kiwandani hadi chipu ya kwanza kurudi mezani hupita miezi, na mchoro ukishachongwa kwenye silikoni hakuna kufuta.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika fani hii ukuta maarufu kuliko zote ni ule wa Pentium. Mwaka 1994 ilibainika kwamba prosesa hiyo ilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya, kwa sababu nafasi chache kwenye jedwali lililochongwa ndani yake ziliachwa tupu. Intel ilitenga dola za Marekani milioni 475 kulipia nafasi hizo chache. Ile ilikuwa kasoro ya hesabu ndani ya kiungo kimoja. Kasoro zinazoninyima mimi usingizi ni za aina nyingine: kila kiungo ni kizima, kila mtu kafanya kazi yake sawasawa, ila vikikutana vinakanyagana.

Sasa, mchoro wa chipu upo. Umeandikwa kwa lugha kama Verilog au VHDL, unaeleza kila rejista, kile kichumba kidogo cha kushikilia namba, na kinachoingia ndani yake kila saa ya chipu inapopiga. Mtu akisikia hivyo huuliza, kwa nini usiuendeshe huo huo kwenye kompyuta na kutazama? Unaweza. Tatizo ni hesabu. Tuseme chipu yako itapiga mara bilioni 1 kwa sekunde, na programu ya uigaji inaimudu chipu nzima kwa mipigo 1,000 kwa sekunde, mwendo ambao kwa chipu kubwa si wa kulalamikia. Sekunde moja ya maisha ya chipu itakuchukua sekunde milioni 1. Hizo ni siku 11 na nusu hivi. Sasa fikiria mfumo wa uendeshaji unaohitaji sekunde 20 kuwaka, halafu draiva ya skrini, ile programu inayokiendesha kifaa hicho, iwe na kosa kwenye sekunde ya 19.

Kwa hiyo tunatupa vitu. Uundaji wa modeli katika kiwango cha mfumo, ukiuvua mapambo, ni ufundi wa kutupa. Kwenye Verilog, prosesa ikitaka baiti 64 kutoka kwenye memori, nyaya nyingi hupanda na kushuka kwa mipigo kadhaa: naomba, nimekusikia, anwani ni hii, data hii hapa, nyingine hii hapa, ya mwisho hii hapa. Kwenye modeli ya mfumo, mazungumzo yote hayo yanakuwa muamala mmoja: mwito mmoja wa kazi ndani ya programu, unaosema "nipe baiti 64 kutoka anwani hii," na jibu linarudi likiwa na data na kadirio la muda uliotumika. Nyaya hazipo. Rejista nyingi hazipo. Saa yenyewe mara nyingi haipo.

Njia ya pamoja inayobeba miamala hiyo tunaiita basi. Kiswahili kimetufanyia mzaha hapo: neno lile lile la gari la abiria, na lile lile la kumwambia mtu yatosha. Katika hadithi hii basi litahusika kwa maana zote mbili.

Kiini cha uigaji wa aina hii ni chepesi kuliko watu wanavyodhani, ila kina fumbo moja tamu. Kompyuta inafanya jambo moja baada ya jingine; chipu inafanya mambo elfu kwa mpigo mmoja. Chukua rejista mbili, A na B, ambazo kila saa ikipiga zinabadilishana thamani. Kwenye silikoni hakuna tatizo. Kwenye programu, ukiiandikia A thamani ya B, ile ya zamani ya A imeshapotea kabla B haijaipata, na sasa zote mbili zinafanana. Dawa ni kuugawa mpigo mara mbili. Awamu ya kwanza kila mmoja anasoma na kutangaza anachotaka kuwa, bila kubadilika. Awamu ya pili wote wanabadilika pamoja. Mabadiliko hayo yakiamsha wengine, mzunguko unarudiwa, na saa ya uigaji haijasogea hata kidogo. Mzunguko huo mdogo usio na urefu tunauita delta. Siku za mwanzo nilikuwa natazama modeli ikipiga delta nyingi ndani ya muda ule ule, kama watu wanaojadiliana mlangoni wote hawajavuka kizingiti.

Delta zikiisha, mwigaji, yaani ile programu ya uigaji, anatazama orodha ya matukio yaliyopangwa mbele, anaruka moja kwa moja hadi la karibu zaidi. Kama hakuna kinachotokea kwa milisekunde 5, milisekunde 5 hizo hazigharimu chochote. Na hakuna anayemnyang'anya mwenzake zamu: kila mchakato unaendeshwa hadi useme wenyewe "nasubiri". Usiposema, basi. Niliwahi kuandika kitanzi kinachochungulia rejista moja hadi ibadilike, bila amri ya kusubiri ndani yake. Aliyetakiwa kuibadilisha rejista hiyo hakuwahi kupewa zamu. Nilienda nyumbani, nikarudi asubuhi, kompyuta inafoka joto na saa ya uigaji inasoma nanosekunde 40, pale pale nilipoiacha.

Karibu kila mtu katika fani hii hutumia SystemC, na ukoo wake unanifurahisha. Katika miaka ya 1960, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl, huko Oslo, walibuni lugha iliyoitwa Simula, kwa ajili ya kuiga mifumo: foleni, wateja, mashine. Ili kueleza mteja au mashine kama kitu chenye hali yake na tabia yake, wakafika kwenye wazo la tabaka na vitu, likakamilika katika Simula 67. Bjarne Stroustrup aliitumia Simula akiwa mwanafunzi Cambridge, akaipenda ilivyomsaidia kupanga mawazo, akachukizwa na uzito wake. Mwaka 1979 akaanza kazi iliyozaa C++. Miaka 20 baadaye, mwaka 1999, kampuni kadhaa zilizindua kwa pamoja SystemC, ambayo si lugha mpya kabisa. Ni maktaba ya C++ ya kuiga maunzi. Mtoto akarudishwa kwenye kazi ya bibi yake. Mwaka 2005 ikawa kiwango rasmi cha IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki, namba 1666, na TLM-2.0, yale makubaliano ya jinsi miamala inavyotumwa, ikatoka mwaka 2008 na kuingizwa kwenye kiwango hicho mwaka 2011.

Faida yake kubwa ni ya kijamii zaidi kuliko ya kiufundi. Kabla ya makubaliano hayo, modeli ya prosesa kutoka kwa huyu haikuelewana na modeli ya memori kutoka kwa yule, na nusu ya mwaka ilikwenda kwenye kuandika wakalimani kati yao.

Sasa turudi kwenye kikao.

Modeli niliyoitumia ilikuwa imejengwa kwa ajili ya watu wa programu, waanze kuandika draiva mwaka mzima kabla ya chipu. Swali lao lilikuwa moja: je, programu hii itafanya kazi? Kwao kasi ndiyo kila kitu. Mtu anayeandika draiva anabadilisha mstari mmoja, anawasha upya, anatazama. Akisubiri nusu saa kila mara atakuchukia, na atakuwa na haki. Modeli yetu ilikuwa inafika kwenye mfumo wa uendeshaji kwa chini ya dakika moja, nami nilijivunia hilo kwa yeyote aliyekubali kunisikiliza.

Kasi hiyo ilipatikana kwa hila mbili.

Ya kwanza ni njia ya mkato. Memori ya kuigwa, mwisho wa yote, ni safu ya baiti ndani ya kompyuta yangu. Prosesa ya kuigwa ikitunga muamala kwa kila neno inalosoma, ikautuma kupitia basi, basi likatafuta mwenyewe ni nani, huko ni kupiga kona nyingi kwa kitu kilicho mkononi. TLM-2.0 inairuhusu prosesa kuomba kuonyeshwa safu yenyewe ilipo. Ikishaonyeshwa, inasoma na kuandika moja kwa moja na basi halijui kitu. Kihesabio changu kilikaa kwenye basi. Nilikuwa kama mlinzi anayehesabu wageni langoni kwa umakini mkubwa, ilhali wenye nyumba wanapita uwazi wa nyuma. Zile megabaiti 3 zilikuwa maombi ya mwanzo kabla ruhusa haijatolewa, na machache ya kurasa, yaani vipande vya memori, ambazo ruhusa ilifutwa na kuombwa tena. Skrini na kamera hazikuwa na njia ya mkato, kwa hiyo namba zao zilikuwa za kweli. Unaweza kuzikokotoa: nukta 1920 mara 1080, baiti 4 kila nukta, mara 60 kwa sekunde, unapata megabaiti 498 za skrini. Kamera ilikuwa na baiti 2 kwa nukta, picha 30 kwa sekunde, lakini kila picha ilipita kwenye memori mara nne, ikaandikwa na kusomwa, ikaandikwa na kusomwa tena. Kwa bahati tu inatoka namba ile ile, 498. Huenda ulinganifu huo ndio ulionilevya.

Hila ya pili ni mbaya zaidi, kwa kuwa haionekani kwenye jedwali lolote. Kubadilisha zamu kati ya michakato ni ghali, hivyo modeli legevu humruhusu kila mmoja kukimbia peke yake kwa kipande cha muda kabla ya kumpisha mwingine. Sisi tulikiweka kipande hicho kuwa milisekunde 1. Prosesa ya kwanza inaishi milisekunde nzima ya maisha yake ikiwa peke yake duniani. Kisha ya pili. Kisha kamera. Wote wanakwenda kwenye kisima kile kile, lakini kila mmoja anakikuta kisima hakina mtu. Hakuna aliyemkuta mwenzake. Katika ulimwengu wa namna hiyo foleni haiwezi kutokea, hata ukiongeza watu mara kumi, na mimi nilikuwa nimetumwa kuuliza kama kutakuwa na foleni.

Baada ya kikao nilifanya alichofanya kila mhandisi mwenye kiburi kilichojeruhiwa: nikajaribu kuirekebisha modeli ile ile. Nilizima njia ya mkato, nikapunguza kipande cha muda. Kuwaka kukapanda kutoka chini ya dakika moja hadi saa kadhaa, na prosesa zangu zikaamka kweli kweli. Kila moja ya gigahezi 1, ikisoma amri moja ya baiti 4 kwa kila mpigo, ilidai megabaiti 4,000 kwa sekunde kwa ajili ya amri peke yake. Mbili zinadai 8,000, kutoka kwenye memori ya 3,200. Zimetoka usingizini zimeingia kwenye ulafi. Sababu ni rahisi: hapakuwa na kache ndani ya modeli, ile memori ndogo iliyo jirani na prosesa inayoipunguzia safari za kwenda kwenye memori kubwa. Mtu wa draiva hahitaji kache ili kujua kama draiva yake ni sahihi, kwa hiyo miaka miwili nyuma mtu mmoja mwenye busara aliitupa. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nikamfuata yule mhandisi wa memori mezani kwake. Hakuwasha kompyuta. Alichukua karatasi.

"Kidhibiti chako cha skrini kinaruhusiwa kuwa na maombi mangapi njiani kwa wakati mmoja?"

"Manane."

"Ya baiti ngapi?"

"Sitini na nne."

Akaandika kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi yao ya kuingia ukizidisha kwa muda ambao kila mmoja anakaa ndani. Kanuni hiyo haijali kama ni wateja, magari au baiti. Skrini inataka megabaiti 498 kwa sekunde, na njiani haiwezi kuwa na zaidi ya baiti 512, yaani 8 mara 64. Basi kila ombi lazima lijibiwe, kwa wastani, ndani ya maikrosekunde 1 na kidogo. Memori ikianza kujibu kwa maikrosekunde 2, skrini itapata megabaiti 256 tu kwa sekunde, hata memori iwe na nafasi tupu kiasi gani. Upungufu unakuwa megabaiti 242. Mbele ya skrini kulikuwa na bafa ya baiti 8,192, mtungi wa akiba. Mtungi huo unatoboka kwa upungufu huo na kukauka ndani ya maikrosekunde 34, na mtungi ukikauka macho ya mtumiaji yanaona: mstari mweusi, au picha inaruka.

Yote hayo hayakuhitaji modeli. Yalihitaji namba nne na ukingo wa karatasi. Bado nina karatasi ile, imekunjwa ndani ya daftari langu.

Swali lililobaki, ambalo karatasi haikuweza kulijibu, ni kama maikrosekunde 2 zinaweza kutokea kweli, na zikitokea zinadumu kwa muda gani. Hapo ndipo uigaji unapostahili umeme wake, kwa sababu memori ni kiumbe wa tabia ngumu. Hugawanywa katika mafungu yanayoitwa mabenki, kila benki ina mistari, na mstari mmoja tu kwa kila benki unaweza kuwa wazi. Ombi likiangukia mstari ulio wazi, mambo ni laini: kwa memori yetu, baiti 64 husafirishwa kwa nanosekunde 20. Likiangukia mstari mwingine wa benki ile ile, lazima kufunga na kufungua, na hapo zaidi ya nanosekunde 25 zinapotea kabla ya baiti ya kwanza kutoka. Kugeuza kutoka kuandika kwenda kusoma nako kuna gharama. Na kila baada ya maikrosekunde chache memori husimama ili kujiburudisha, la sivyo inasahau. Uwezo wa kilele wa 3,200 ni ahadi ya siku ambayo kila mtu anasoma kwa mpangilio mstari mmoja, kila kitu kimenyooka. Modeli yangu ilikuwa inajibu kila ombi kwa nanosekunde 100 bapa, mvua inyeshe jua liwake.

Tukaandika modeli mpya kabisa, ndogo. Ilichukua wiki tatu. Hapakuwa na prosesa ndani yake, wala mfumo wa uendeshaji, wala draiva. Kulikuwa na kidhibiti cha memori kilichoandikwa kwa undani wa kukera, mabenki yake na mistari yake, mwamuzi anayeamua ombi la nani litangulie, na watuma maombi wanne. Kwa niaba ya prosesa tulitumia rekodi tulizozichukua kwenye chipu yetu ya kizazi kilichotangulia ikiendesha programu zinazofanana; wakati wa shughuli nyingi zilifika megabaiti 700 kwa sekunde. Zijumlishe na zile za skrini na kamera na unapata takriban 1,700, zaidi kidogo ya nusu ya kilele. Kwa macho ya jedwali langu bado ilikuwa salama.

Modeli ile ndogo haikuweza hata kuandika neno moja kwenye skrini. Lakini muamala wa ombi na muamala wa jibu ulikuwa na mwanzo na mwisho wake, watu walikutana mlangoni, na foleni zikatokea. Kamera ilikuwa inatuma data kwa vishindo, mstari mzima wa picha kwa mkupuo, na vishindo hivyo vilipokutana na prosesa zinazorukaruka kwenye memori, maombi ya skrini yalikwama kwa maikrosekunde 2, wakati mwingine zaidi, na hali hiyo ikadumu kwa maikrosekunde 50 hadi 60. Mtungi wetu ulikuwa wa 34.

Tiba ilikuwa ile ile ya kwenye karatasi: kuruhusu maombi 16 njiani badala ya 8. Kumi na sita mara 64, gawa kwa maikrosekunde 2, unapata megabaiti 512 kwa sekunde, juu kidogo ya 498. Tukaongeza na ishara ya dharura: mtungi ukishuka chini ya robo, skrini inapiga kelele na mwamuzi anaitanguliza. Njia ya pili ya memori haikuhitajika. Yaani hitimisho langu la mwanzo lilikuwa sahihi, jambo ambalo nililitaja mara moja tu kabla ya kugundua kwamba hakuna aliyelifurahia.

Kuna kipande kimoja cha hadithi hii ambacho bado ninakipenda. Modeli inayotoa namba bila kupimwa ni maoni yenye desimali, kwa hiyo tuliilinganisha na Verilog: majaribio matano mafupi, kila moja likichukua mipigo elfu chache tu, ili hata mwigaji wa polepole ayamudu. Manne yalikubaliana ndani ya asilimia 10. La tano lilikataa kabisa. Kwenye Verilog kamera ilikuwa inapata zamu mara mbili ya tuliyotarajia. Nilipoteza siku tatu nikitafuta kosa langu. Nilikuwa nimezoea kabisa, kufikia hapo, kwamba kosa ni langu. Siku ya nne mtu wa Verilog alinijia na uso wa mtu aliyekanyaga kitu. Uzito wa zamu ya kamera kwenye mwamuzi wao ulikuwa umeandikwa 4 mahali palipotakiwa 2. Majaribio yao hayakuweza kuliona, kwa sababu yaliandikwa kwa kusoma msimbo ule ule. Watu wawili walikuwa wamesoma maelezo yale yale ya usanifu, wakajenga kitu kimoja kwa njia mbili, na tofauti ikajitokeza yenyewe.

Tangu hapo kila modeli ninayoiandika ina aya moja juu kabisa ya faili: inajibu swali gani, na maswali gani haijui. Vijana wapya huona ni ushamba. Mmoja aliwahi kuifuta akidhani ni mabaki ya majaribio.

Chipu ilirudi. Siku ya kwanza mfumo wa uendeshaji uliwaka kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu watu wa programu walikuwa wameshauwasha mara elfu kwenye modeli. Skrini ikabaki nyeusi. Nilihisi tumbo likinishuka. Nikawaza mtungi, maombi 16, maikrosekunde 2. Tulichukua siku mbili kujua kwamba memori haikuhusika kabisa. Sakiti inayozalisha mpigo wa saa wa skrini huhitaji muda kidogo kutulia baada ya kuwashwa, na ina biti moja inayosema "tayari". Draiva haikuitazama biti hiyo. Iliandika mipangilio yake papo hapo, kwenye kifaa ambacho saa yake ilikuwa bado inayumba. Kwenye modeli yetu ya haraka, ile niliyojivunia, biti ya "tayari" ilikuwa 1 tangu mwanzo wa dunia. Tuliitupa ile subira kwa sababu ilikuwa inapoteza muda.

Draiva ikarekebishwa kwa mistari mitatu, skrini ikawaka, watu wakapiga makofi, wakaenda zao. Mimi nilibaki nikaifungua modeli, ingawa chipu hiyo ilikuwa imeshamaliza kazi nayo, nikatafuta mahali pa ile biti, nikaifanya ianze na 0 na kungoja maikrosekunde 150 kabla ya kuwa 1. Halafu nikapanda juu ya faili, kwenye ile aya, nikafuta mstari mmoja wa mambo isiyoyajua. Yamebaki kumi na manne.